Oili ya cheni ya baiskeli: ipi, kiasi gani, na itiwe wapi

Cheni iliyolowa oili nyeusi kwa nje inaweza kuwa kavu kabisa kwa ndani. Ndiyo sababu cheni nyingi za baiskeli za mizigo hufa mapema ilhali mwenye baiskeli anatia oili kila wiki. Kuchagua oili ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua itiwe mahali gani, matone mangapi, na ifutwe lini.

Maelezo haya yanahusu baiskeli mbili zinazoonekana zaidi kwenye barabara zetu: ile ya gia moja yenye breki za vyuma, inayobeba magunia ya mkaa, madumu ya maji, matenga ya samaki na abiria, na ile ya mtumba yenye gia nyingi. Cheni zake zinafanana kwa macho, lakini zinatofautiana kwa ndani, na tofauti hiyo inabadilisha namna ya kutia oili.

Cheni huliwa wapi

Chukua pingili moja uitazame. Kuna mabamba mawili ya nje, mabamba mawili ya ndani, pini inayoyaunganisha, na rola inayokaa juu ya meno ya spoketi, yaani lile gurudumu lenye meno. Katika cheni ya gia moja kuna kitu cha tano kisichoonekana: bushi, yaani kibomba kidogo cha chuma kilichobanwa kwenye mabamba ya ndani. Pini hupita ndani ya bushi, na rola huzunguka juu yake. Muundo huu wa bushi na rola ulibuniwa na Hans Renold mjini Manchester mwaka 1880, na cheni inayouzwa leo Kariakoo bado inafuata kanuni ile ile. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi, milimita 12.7.

Pingili inapojikunja kuzunguka spoketi, pini hugeuka ndani ya bushi huku ikivutwa na nguvu yote ya mguu. Hapo ndipo chuma kinaposugua chuma chini ya mzigo. Uso wa nje wa mabamba hausuguani na chochote kinachobeba uzito. Oili iliyobaki juu yake ina faida moja tu, kuzuia kutu, na kwa hilo utando mwembamba sana unatosha. Inayozidi hapo inakusanya vumbi. Vumbi likikorogana na oili linakuwa msasa wa majimaji, na kila mzunguko unausukuma msasa huo ndani zaidi, hadi kwenye pini.

Sasa njia ya oili. Katika cheni ya gia moja, bushi imeifunika pini kote, kwa hiyo tone likidondoshwa katikati ya rola linailainisha rola tu. Halifiki kwenye pini. Mlango wa kufikia pini ni ule ufa mwembamba kati ya bamba la nje na bamba la ndani, kushoto na kulia. Cheni nyingi za gia nyingi za siku hizi hazina bushi nzima. Mabamba ya ndani yamevimbishwa kidogo ili rola ikae juu yake, na katikati pameachwa mwanya. Kwa cheni hizo oili huingia kupitia rola pia. Tunza hili akilini, tutalirudia wakati wa kutia.

Oili ipi

Jambo la kuangalia ni uzito wa oili, yaani inavyomiminika kwa wepesi au kwa shida. Oili nyepesi hupenya haraka na kutoka haraka. Oili nzito hukaa, ila hupenya kwa shida na hushika vumbi. Hakuna oili moja iliyo bora kwa kiangazi cha Dodoma na kwa masika ya Bukoba kwa pamoja, na anayekwambia ipo anakuuzia kitu.

Kwa baiskeli ya kazi, oili safi ya injini ndiyo chaguo tunaloliamini. Namba 40 ya kawaida, au ile 20W-50 ya pikipiki, inapatikana katika kila sheli na maduka mengi ya vipuri huuza kwa kupimwa. Katika joto letu inapenya vizuri, inakaa, na ina viungo vya kuzuia kutu. Nusu lita, ukitumia mililita 5 kila mara, ni mara 100. Kwa hesabu hiyo ile hoja ya kwamba oili safi ni ghali haisimami.

Oili ya gia boksi namba 90 watu huiogopa wakidhani ni nzito mara mbili ya namba 40. Vipimo vya oili ya injini na vya oili ya gia ni mizani miwili tofauti. Namba 90 ya gia inakaribiana kwa uzito na namba 40 au 50 ya injini. Inafaa, hasa wakati wa mvua, kwa sababu inang'ang'ania chuma. Harufu yake kali inatokana na viungo vya salfa na haina madhara kwa cheni.

Mafuta ya cherehani ni mepesi sana. Yanaingia kwenye pini kwa sekunde chache na hayashiki vumbi sana, lakini chini ya mzigo mzito yanakamuliwa nje. Kwa baiskeli ya mtoto, au ya kwenda sokoni na kurudi, yanatosha ukiyatia mara kwa mara. Kwa baiskeli inayobeba magunia mawili ya mkaa yatakwisha kabla ya wiki.

Oili za baiskeli za chupa ndogo, zinazouzwa kwenye maduka ya baiskeli za michezo, huandikwa za hali ya mvua au za hali kavu. Ya mvua ni nzito, yenye mnato, haisafishwi na maji kirahisi. Ya kavu imechanganywa na kiyeyushi kinachoibeba hadi ndani kisha kinapaa, na kuacha utando mwembamba wa nta au wa oili. Ukinunua ya kavu, usiendeshe mara tu baada ya kuitia. Iache saa kadhaa, kwani bila kupaa kile kiyeyushi utando haujajengeka.

Unaweza kutengeneza inayofanana nayo nyumbani: sehemu 1 ya oili safi ya injini kwa sehemu 2 za mafuta ya taa, ukatikisa chupa kila unapotumia. Mafuta ya taa hupaa polepole, kwa hiyo itie jioni na uendeshe asubuhi. Inafaa kwa mikoa ya vumbi kavu. Weka mbali na moto, na uandike kwenye chupa. Chupa ya soda isiyo na maandishi, yenye mafuta ya taa ndani, imeshaleta maafa kwa watoto katika nyumba nyingi.

Vitu vya kuepuka ni vingi, na kila kimoja kina sababu yake.

Oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye gari au pikipiki, ndiyo kosa kubwa kuliko yote na ndiyo inayopendwa kuliko zote kwa sababu ni ya bure. Weusi wake ni masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini, pamoja na asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta. Unaitia cheni uchafu ule ule unaotaka kuutoa. Tena si salama kwa ngozi: makopo mengi ya oili huandikwa onyo kwamba oili iliyotumika, ikigusana na ngozi mara kwa mara, inaweza kusababisha saratani ya ngozi. Fundi anayeishika kutwa nzima kwa mikono mitupu anastahili kulijua hilo.

Grisi ni nzuri kwa gololi za ekseli na za kranki, yaani mhimili wa pedali. Kwenye cheni haipenyi. Inakaa juu na kukamata mchanga. Cheni mpya huja na kilainishi kizito mithili ya grisi, lakini hicho kiwandani kilifikishwa ndani ya pini. Usikioshe. Futa nje tu kwa tambara lililoloweshwa mafuta ya taa kidogo, kisha endesha mpaka cheni ianze kulia.

Mafuta ya kula, yawe ya alizeti au ya mawese, hugeuka gundi. Ule utando wa manjano unaong'ang'ania kwenye kikaango ndio utakaojenga ndani ya pingili. Mafuta ya nazi huchelewa kugeuka gundi, lakini huganda asubuhi ya baridi na kuita sisimizi.

WD-40 ya kopo la kawaida la bluu na njano ilikusudiwa kufukuza maji. Ndiyo maana ya zile herufi WD. Inafaa sana kutoa unyevu kwenye cheni iliyonyeshewa na kulegeza kutu. Ikishakauka haiachi kilainishi cha kutosha, na oili ya zamani iliyokuwepo imeshaiyeyusha. Ukiitumia, futa, subiri, kisha tia oili ya kweli.

Ile ya kupuliza ya cheni ya pikipiki nayo si mbaya wakati wa mvua, ila kumbuka ilitengenezwa kwa mahitaji mengine. Baadhi ya cheni za pikipiki zina grisi iliyofungiwa ndani kwa vipete vya mpira, na kwa hizo kazi ya ile ya kupuliza ni kulinda nje tu. Mnato wake kwenye baiskeli ya barabara ya vumbi unatengeneza tope ndani ya siku mbili.

Kusafisha kabla ya kutia

Kuongeza oili juu ya tope ni kulisaidia tope lipenye. Kama cheni imeshikwa na ukoko mweusi, isafishe kwanza. Kama ni vumbi tu juu ya oili nyembamba, tambara kavu linatosha. Si kila mara lazima cheni ivuliwe.

Kwa usafi wa kweli, ivue. Cheni ya gia moja ina kiungo chenye klipu mfano wa samaki. Shika koleo yenye mdomo mwembamba, meno ya upande mmoja kwenye pini na ya upande mwingine kwenye mkia wa klipu ulio wazi, kisha bana polepole. Klipu itateleza na kutoka. Iweke kwenye kisoda, maana ikianguka mchangani huioni tena. Cheni za gia nyingi zina kiungo cha kufungulia kwa kubana, au hazina kabisa; kama hakuna na huna kifaa cha kusukumia pini, isafishe ikiwa juu ya baiskeli.

Tia cheni kwenye chupa ya plastiki ya nusu lita yenye mdomo mpana, mimina mafuta ya taa mililita 150 hadi 200, funga, tikisa kwa dakika mbili. Mwaga kwenye kopo, tia mengine, tikisa tena. Mara ya kwanza yatatoka meusi kama kahawa, mara ya tatu yatakuwa rangi ya chai nyepesi. Hapo inatosha. Dizeli nayo inafaa lakini inaacha utelezi mwingi zaidi na huchelewa kukauka. Petroli usitumie. Inasafisha vizuri, ndiyo, lakini mvuke wake unashika moto kutoka mbali, na jiko la mkaa likiwa uani linatosha kuleta msiba.

Usiloweke cheni katika siki, ndimu, wala maji ya betri kwa nia ya kutoa kutu. Chuma cha cheni kimefanywa kigumu sana, na asidi huweza kukifanya kiwe dhaifu na chenye kuvunjika ghafla bila dalili. Bamba linapasuka ukiwa umesimama juu ya pedali mlimani.

Baada ya mafuta ya taa, osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, suuza, kung'uta, futa, kisha anika juani saa moja au mbili. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Mafuta ya taa yakibaki ndani ya pini yataipunguza uzito oili mpya na kuitoa. Maji yakibaki yataleta kutu chini ya oili, na cheni italia siku ya pili kana kwamba hukufanya kitu.

Wakati cheni inakauka, chokonoa tope lililo katikati ya meno ya spoketi ya mbele na ya friwili (spoketi ya nyuma) kwa spoku kuukuu au bisibisi nyembamba, kisha pitisha mswaki uliochakaa wenye mafuta ya taa kidogo. Baiskeli ya gia nyingi ina vigurudumu viwili vya plastiki kwenye mkono wa kubadilishia gia. Navyo huvaa pete ya tope gumu ambayo itaichafua cheni safi ndani ya mita mia. Usielekeze mafuta ya taa kwenye nafasi ya friwili wala kwenye kranki, yatayeyusha grisi ya gololi. Na mashine ya maji ya presha ya kuoshea magari usiisogeze karibu na ekseli wala kranki. Inasukuma maji na mchanga mahali ambapo vingekaa miaka bila kufika.

Kurudisha kiungo cha klipu kuna upande. Ile ncha ya klipu iliyofungika iangalie mbele katika sehemu ya juu ya cheni, yaani kule cheni inakoelekea baiskeli ikienda mbele. Ukiigeuza, kitu kikigusa ule mkia wazi kinaweza kuichomoa.

Kutia oili

Vifaa ni vichache: oili, tambara mbili za pamba (kanga kuukuu au fulana ni bora kuliko nailoni, ambayo hainyonyi), na kitu cha kudondoshea. Kikopo cha mafuta ya cherehani chenye mdomo mrefu kinafanya kazi nzuri. Sirinji ya mililita 5 kutoka duka la dawa, bila sindano yake, ni bora zaidi, kwa sababu unaona kiasi ulichotumia. Cheni ya gia moja huwa na pini kama 112. Tone dogo kila upande wa kila pini ni jumla ya mililita 3 hadi 5, ujazo wa kijiko cha chai. Ukijikuta umemaliza sirinji mbili, unamwaga.

Acha baiskeli juani dakika ishirini kabla ya kuanza. Cheni yenye joto huipokea oili upesi.

Pindua baiskeli iegemee tandiko na usukani, au isimamishe kwa stendi ili gurudumu la nyuma liwe huru. Tafuta kiungo cha klipu, au weka alama ya chaki kwenye pingili moja, ujue ulipoanzia. Fanya kazi kwenye ule upande wa cheni unaogusa meno, yaani upande wa ndani wa mzunguko. Cheni ikizunguka, oili hurushwa kwenda nje, kwa hiyo ikianzia ndani itapita katikati ya pingili kabla ya kutoka.

Cheni ya gia moja: dondosha tone kwenye ule ufa kati ya bamba la nje na la ndani, upande wa kushoto, pingili baada ya pingili, ukizungusha pedali kinyumenyume polepole mpaka urudi kwenye alama. Kisha fanya hivyo hivyo upande wa kulia. Mizunguko miwili. Inachukua kama dakika kumi, na hapa ndipo pa kutumia muda wako. Kumwaga mstari wa oili juu ya cheni inayozunguka kwa kasi kunachukua nusu dakika, na sehemu kubwa ya oili hiyo inaishia kwenye rimu, kwenye suruali na chini.

Cheni ya gia nyingi: tone moja juu ya kila rola, karibu na ukingo wa bamba, mzunguko mmoja. Weka gia kubwa mbele na ya kati nyuma ili cheni iende imenyooka.

Baiskeli yenye breki ya kukanyaga kinyumenyume haiwezi kuzungushwa nyuma. Inua gurudumu la nyuma na zungusha mbele, ukidondosha kwenye sehemu ya chini ya cheni, mbali na meno.

Ukimaliza, zungusha pedali dakika mbili ili pingili zijikunje na kuivuta oili ndani. Kisha iache. Usiku mzima ni bora. Nusu saa ni kiwango cha chini. Asubuhi chukua tambara kavu, ishike cheni kwa vidole ndani ya tambara katika sehemu ya chini, katikati ya spoketi mbili, na uzungushe kinyumenyume mpaka tambara liache kutoka jeusi. Usisogeze mkono karibu na meno, na usizungushe kwa kasi. Tambara likidakwa linaenda na kidole, na spoketi haina huruma na kidole.

Futa kweli kweli. Cheni ikionekana kama haikutiwa oili, ukipitisha kidole kikatoka na utelezi hafifu tu, umefanya sawasawa. Wengi huona uchungu kuifuta oili waliyoinunua. Lakini iliyofutwa ni ile isiyokuwa na kazi.

Kagua rimu, au diski kama baiskeli ina breki za diski. Tone moja kwenye rimu na raba za breki linatosha kukupeleka mtaroni mteremkoni. Rimu isugue kwa maji ya sabuni na tambara safi, raba zisugue kwa msasa laini. Pedi za diski zikinywa oili kwa kawaida haziponi, badilisha.

Ukiwa bado na sirinji mkononi, itie friwili matone matatu au manne ya oili nyepesi kwenye ufa kati ya sehemu inayozunguka na isiyozunguka, baiskeli ikiwa imelazwa ubavu, huku ukizungusha. Oili nzito au grisi humo huvinasisha vile vikucha vya chemchemi vinavyoshika meno ndani yake, na pedali inakuja bure.

Nta

Kwa anayeendesha barabara kavu na mwenye subira, nta ya parafini ndiyo inayoiweka cheni safi kuliko yote. Vumbi haligandi juu yake, mkono haupaki weusi. Lakini cheni lazima iwe safi kabisa, bila chembe ya oili, la sivyo nta haishiki.

Mishumaa ya kawaida myeupe mara nyingi ni parafini. Gramu 300 zinatosha cheni moja na zitatumika tena mara nyingi. Yeyusha kwenye kopo lililo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka, kamwe si juu ya moto moja kwa moja. Nta ikipita kiasi cha joto inawaka kama mafuta ya taa. Chovya cheni ikiwa imetungwa kwenye waya, itikise kidogo kidogo kwa dakika kumi hadi kumi na tano, hadi viputo viishe. Viputo ni hewa inayotoka ndani ya pini, na vikikoma ujue nta imeingia. Ondoa kopo motoni, ngoja nta ianze kushika ngozi juu, ndipo utoe cheni na kuitundika. Ikipoa itakuwa ngumu kama fimbo. Ikunje juu ya mpini wa jembe, pingili moja moja, kisha ifunge.

Inadumu kilomita 300 hivi barabara ikiwa kavu. Mvua moja kubwa inaweza kuimaliza, na kutu huja siku ile ile. Kwa hiyo Pemba, Tanga, Mombasa, mahali popote penye hewa ya chumvi, hatuipendekezi. Nta ya nyuki peke yake ina mnato, inashika vumbi.

Mara ngapi

Barabara ya vumbi na oili ya injini: futa kila jioni kwa tambara kavu, tia upya kila kilomita 150 hadi 200. Anayebeba abiria au mizigo kilomita 40 kwa siku atatia kila siku ya nne au ya tano. Baiskeli ya mjini, lami tupu, huenda kilomita 300. Wakati wa masika, tia kila baada ya kulowa: ikaushe, futa, tia. Ukipita kwenye maji ya bahari au ufukweni, suuza kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo kabla hujalala, chumvi haisubiri.

Kava la cheni lisitupwe kwa sababu linapiga kelele. Likaze, au weka kipande cha mpira wa tyubu pale linapogonga. Cheni iliyofunikwa hukaa safi mara nyingi zaidi ya iliyo wazi, hasa nyuma ya lori kwenye barabara ya changarawe.

Inapoendelea kulia

Cheni inayolia chiu-chiu siku moja baada ya kutiwa oili ina moja kati ya haya: maji yalibaki ndani, oili ilikaa nje bila kupenya, au kinacholia si cheni. Zungusha pedali kwa mkono baiskeli ikiwa imeinuliwa. Kama sauti inakuja mara moja kwa kila mzunguko wa pedali, angalia pedali na kranki. Kama inakuja mfululizo, ni cheni au vile vigurudumu vya mkono wa gia.

Sauti ya kusaga, krr krr, ni mchanga. Oili zaidi haitaisaidia. Safisha.

Pingili moja ngumu, inayoruka kidogo kila ikipita, mara nyingi ni kutu kwenye pini. Tia mafuta mepesi kila upande, subiri robo saa, kisha ishike kwa mikono miwili na uipinde kushoto na kulia, kwa upande ambao cheni haijazoea kupinda, mara kadhaa kwa nguvu kiasi.

Cheni ya gia moja iliyokazwa mno hulia na kuliwa hata ikiwa na oili bora. Katikati ya sehemu ya chini ipande na kushuka kwa jumla ya kama sentimita 1. Zungusha kranki mzunguko mzima ukipima, kwa sababu spoketi ya mbele mara nyingi si duara kamili na kuna mahali cheni hukaza.

Cheni inayoruka meno ukikanyaga kwa nguvu haina tatizo la oili, imeisha. Chukua rula ya inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja. Katika cheni mpya, alama ya 12 itaangukia katikati ya pini kabisa. Kila tundu likiliwa kidogo, jumla ya pingili 24 inaonekana: pini imesogea mbele ya alama. Ikipita kwa milimita 1.5, cheni ya gia nyingi ibadilishwe sasa, ndipo spoketi zitasalimika. Ya gia moja inaweza kusubiri hadi milimita 3. Ukizidisha hapo, meno nayo yamechongoka kufuata cheni mbovu, na cheni mpya juu yake itaruka tangu siku ya kwanza. Utanunua cheni, friwili na pengine spoketi ya mbele kwa pamoja.

Yale mafuta ya taa machafu usiyamwage mtaroni wala karibu na kisima. Yaache kwenye chupa siku mbili. Uchafu utatuama chini na ya juu yatakuwa meupe ya kutosha kutumika tena kwa mtikiso wa kwanza wa safari ijayo. Mikono ipake mafuta ya kula kidogo kwanza, sugua mpaka weusi uyeyuke, ndipo uoshe kwa sabuni.